Kichaka cha Bwana Jamaldin

Watu wengi wa mtaa wetu husema moto ule ulitoka kwa Mungu, na kila kitu hutoka kwa Mungu, sikatai. Lakini kichaka kilichoubeba moto ule mpaka milangoni mwetu kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe aliombwa mara tatu akubali kikatwe, akakataa mara tatu. Basi nitasimulia nilivyoona, na Mungu asisingiziwe.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka wa sitini na sita. Tulikaa Majengo, upande unaoelekea Makupa, nyumba kumi na nne zimepangana mstari mmoja, na migongo ya nyumba zote imekielekea kitalu kikubwa kisichojengwa. Nyumba zilikuwa zetu, ardhi haikuwa yetu. Asiyeijua Mombasa huona ajabu, lakini ndivyo tulivyoyakuta mambo: wewe wasimamisha boriti zako, wakandika udongo wako, waezeka makuti yako, na kila mwezi wampelekea mwenye ardhi kodi ya pale nyumba ilipokaa. Mwenye ardhi yetu alikuwa Bwana Jamaldin, aliyekuwa akikaa Mji wa Kale katika nyumba ya mawe ya ghorofa mbili, si mbali na Ngome. Na alikuwa na sharti moja ambalo kila mmoja wetu alilijua kwa moyo: nyumba ikianguka au ikiungua ikaisha, ardhi yarudi kwake, na ruhusa ya kujenga tena huna.

Kitalu nacho kilikuwa chake. Kilikuwa na minazi sita mikongwe ambayo mtu hakuikwea wala kuipalilia kwa miaka. Makuti yalidondoka yakalala pale pale, michongoma ikaota ikashikana, nyasi zikafika kifuani. Na sisi hatukuwa watakatifu: yeyote aliyeezua paa lake alitupa makuti mabovu humo, na makumbi ya nazi, na magunia yaliyooza. Wakati wa Masika huoni kitu, ni kijani tupu. Lakini Kaskazi ikishapuma miezi miwili, ukipita pale wasikia kichaka chote kinakwaruzana kama karatasi. Kutoka hapo hadi kuta zetu za jikoni hazikufika hatua mbili.

Wa kwanza kulisema jambo hili kwa sauti alikuwa Mejumaa. Alikuwa msusi wa mikeka, mjane wa miaka arubaini hivi, mwembamba, mwenye maneno machache, akikaa nyumba ya mwisho kabisa ya mstari wetu. Mwaka wa hamsini na tisa nyumba ya babake iliungua, mtaa mwengine huko. Mzee alikuwa ameshatoka salama, akarudi ndani kuutoa msahafu, hakutoka tena. Tangu siku ile Mejumaa akiona kuti kavu limelala ukutani kwa mtu, huliokota.

Siku moja mwezi wa kumi na mbili, tukiwa kwenye foleni ya maji bombani, alisema, "Mwaka huu kichaka kile kitatuua."

Mwanamke mmoja akamjibu, "Basi tukitie moto wenyewe, kidogo kidogo, kiishe."

"Ukikitia moto hapo umejitia moto wewe."

Aliyejibu hivyo alikuwa Chengo, Mgiriama mmoja aliyepanga chumba kwa Mejumaa pamoja na mkewe Mbodze. Alikuwa amekuja kumpokea Mbodze ndoo. Chengo alifanya kazi katika zizi la ng'ombe wa maziwa kule Kisauni. Akatueleza kwamba zizini pana mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, ya mkono, gurudumu kubwa la chuma lenye visu viwili. Mmoja azungusha, mwengine atia majani mdomoni, na kila kinachoingia chatoka upande wa pili kimekuwa vipande vya urefu wa kidole. Ilikuwa imewekwa kando tangu tajiri aliponunua ya mota.

"Hata matawi membamba yakata," alisema. "Tukitupa makuti kwengine tumempa jirani moto wetu. Lakini yakikatwakatwa, mengine nayapeleka zizini ng'ombe walalie, mengine twayafukia na maji yaoze. Kitu kilichooza hakishiki moto. Tajiri nitamwomba mashine kila Jumapili."

Tajiri alikubali. Kwa hiyo kilichobaki kilikuwa ruhusa ya mwenye ardhi.

Tulikwenda watu wanne: Mejumaa, mimi, Mbodze, na mume wangu Badawi, kwa kuwa haikuwa adabu wanawake kumwendea mtu mume barazani kwake peke yao. Tulikwenda kwa miguu, tukapita Mtaa wa Biashara maduka ya leso yakifunguliwa, tukaingia Mji wa Kale. Bwana Jamaldin alikuwa amekaa dakani, kwenye kibaraza cha mlango wake, kanzu nyeupe pe, tasbihi mkononi.

"Sabalkheri, bwana," Badawi alisema.

"Sabalkheri. Mumeleta kodi?"

"Kodi tarehe yake haijafika. Tumekuja kwa shauri la kile kitalu."

Badawi akamwachia Mejumaa, maana maneno yalikuwa yake. Mejumaa alisema, "Bwana, hatutaki ardhi yako. Minazi yako hatuitaki, wala nazi yako moja. Twaomba ruhusa tu tukate makuti makavu na michongoma, hatua kumi kutoka kwenye kuta zetu. Kazi twafanya wenyewe. Wewe hutoi kitu."

"Nani aliyewaambia pana hatari?"

"Mato yangu yaliyoona, bwana."

Akacheka. "Kichaka kile kipo tangu marehemu babangu yu hai. Mbona hakijaungua?"

"Na nyumba ya babangu ilikuwapo tangu babake yu hai," Mejumaa alisema. "Iliungua kwa robo saa."

Bwana Jamaldin aliacha kucheka. "Leo mutakata makuti. Kesho mutapanda mihogo. Kesho kutwa mutaniambia muna haki na ardhi ile. Nawajua watu wa Majengo. Kijiti changu kimoja mtu asikiguse."

Kisha akamwita mtumishi ammiminie Badawi kahawa. Badawi peke yake. Sisi wanawake watatu, tuliotembea kutoka Majengo juani, tulisimama pale njiani kama mizigo inayongoja hamali. Badawi hakukigusa kikombe. Aliaga, tukaondoka, na tulipofika Makadara akasimama.

"Mtu akiambiwa atasafishiwa ardhi yake bure, kwa jasho la wengine, na akakataa," alisema, "basi ana haja na uchafu ule."

Tukatazamana. Sharti lile tulilijua sote.

Jumapili iliyofuata tulikata bila ruhusa. Hilo silifichi. Tuliingia hatua kumi ndani ya ardhi ya mtu aliyetukataza, na Mejumaa alitangulia akiwa na panga. Chengo alivuka Daraja la Nyali alfajiri akisukuma mashine juu ya mkokoteni, akaifunga kwa kamba kwenye shina la mnazi. Wenye mapanga walikata, wengine walikokota, Mbodze alitia makuti mdomoni mwa mashine na Chengo akazungusha. Ile sauti, kra-kra-kra, ilisikika mtaa mzima. Uti mnene wa kuti mashine haikuuweza, kwa hiyo tuliupasua kwa shoka ukawa kuni. Waume walikaa barazani wakatucheka, wakasema wanawake wa nyumba kumi na nne wameshikwa na njaa mpaka wanatafuna michongoma. Jumapili ya pili wale waliocheka wakaanza kuona haya. Jumapili ya tatu walikuja na mashoka yao.

Tulianza upande wa juu, tukishuka. Nilimwambia Mejumaa tuanzie kwake, kwani yeye ndiye aliyelianzisha jambo. Akasema, "Wenye watoto wadogo kwanza. Mimi nyumbani kwangu hamuna mtoto." Katika Jumapili nne tulimaliza nyumba kumi na moja. Nyuma ya nyumba hizo ungeweza kutandika mkeka. Zilibaki tatu: ya kwake, ya Mzee Kingi, na moja ambayo wenyewe walikuwa wamesafiri Malindi. Mzee Kingi alikuwa mfanyakazi mstaafu wa reli, hana mke tena, macho yamefifia, na kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni akimtambua kila mpita njia kwa mwendo wa viatu vyake.

Mwisho wa mwezi Bwana Jamaldin alikuja kukusanya kodi, yeye na karani wake. Alizunguka nyuma, akasimama.

"Nani aliyekata hapa?"

Mejumaa akajitokeza. "Ni mimi, bwana."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Sikuwa nayo. Nilikuwa na hofu. Na sasa nakuomba tena mbele ya watu wote hawa: zimebaki nyumba tatu, Jumapili moja tu. Turuhusu tumalize."

Bwana Jamaldin alimtazama Chengo, akamuuliza afanya kazi wapi. Chengo, kwa ukweli wake, akamwambia.

Wiki ile ile Chengo aliitwa na tajiri wake akaambiwa kazi imekwisha. Miaka tisa alikuwa amewakama ng'ombe wale. Tajiri hakuwa mtu mbaya, lakini yeye na Bwana Jamaldin walisali msikiti mmoja na kuoleana, na alikuwa ameambiwa mtu wake anaivamia ardhi ya watu kwa mashine yake. Mashine ikarudishwa zizini. Siku ya pili wakaja mafundi wawili na nguzo na seng'enge, wakazungushia kitalu. Nyuma ya nyumba zile tatu waliipitisha seng'enge karibu hata mkono wa mtu haukupenya baina yake na ukuta. Michongoma na makuti yakabaki ndani, yameegemea waya, na waya umeegemea nyumba.

Mejumaa alikwenda mara ya tatu, peke yake, bila kumwambia mtu. Mtumishi alimwambia bwana amelala. Alikaa kizingitini baada ya sala ya Alasiri mpaka Magharibi. Bwana Jamaldin akatoka kwenda msikitini, akampita kama mtu apitavyo paka. Aliponisimulia hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira.

"Somo," aliniambia, "kama angenitukana ningejua kuwa amenisikia."

Moto ulishika Alhamisi, mwezi wa pili, baada ya Adhuhuri. Sisemi kuna mtu aliyetumwa. Sikuona, na jambo ambalo sikuliona silitii kinywani. Wako waliosema ni sigara, wako waliosema ni makaa ya mtu aliyekuwa akichoma makumbi ng'ambo ya pili. Nilikuwa jikoni nikipika wali nikasikia mlio, si mlio wa moto, ni kama mvua kubwa inayokuja juu ya majani. Nilitoka nyuma nikaona kitalu upande wa pili kimekuwa ukuta mwekundu, na Kaskazi yausukuma ukuta ule kuja kwetu.

Waume walikuwa makazini, Badawi yuko Kilindini bandarini. Tulikuwa wanawake, wazee na watoto. Tulitoa watoto kwanza. Kisha tukapanga mstari kutoka bombani, ndoo na sufuria na madebe, na wengine wakalowesha magunia wakapanda juu ya mapaa. Cheche zilikuja zikiruka. Ikitua cheche, mtu aipiga kwa gunia bichi. Lakini moto wenyewe, ule mkubwa, ulifika pale tulipokata ukasimama. Nauona mpaka leo. Ulifika kwenye ile ardhi tupu ukainama, ukalamba mchanga, ukakosa cha kula. Nyumba kumi na moja zilipata moshi na majivu, na hazikupata moto.

Kwa hivyo ukageukia upande wenye chakula.

Nilisikia Mejumaa akipiga kelele, "Mzee Kingi! Mzee Kingi yuko ndani!" Seng'enge ilikuwa imeshakuwa nyekundu, na makuti yaliyoegemea waya yaliupandisha moto mpaka kwenye paa la mzee kwa muda wa mtu kuvuta pumzi mara tatu. Mzee alikuwa amelala mchana, na kwa moshi ule hakuuona mlango. Chengo, ambaye siku zile alikuwa nyumbani kwa kuwa hana kazi, alipasua dirisha la mbele kwa shoka, akaingia, akatoka na mzee amembeba mgongoni kama gunia. Nyusi za Chengo zilikuwa hazipo. Paa likaanguka nyuma yao.

Gari la zimamoto lilikuja likasimama barabarani, maana vichochoro vyetu havikupitisha hata mkokoteni vizuri. Wazima moto wakaburura mpira mpaka ulipofika, wakafanya walichoweza. Alasiri moto ulikuwa umekwisha, na nyumba tatu zilikuwa zimekwisha. Ya Mejumaa ilibaki kuta nne nyeusi. Miaa yote aliyoitia rangi kwa mikeka ya arusi mbili, majivu. Nguo aliyokuwa nayo ni ile ya mwilini.

Tulilala sote majumbani mwetu, na waliounguliwa tukawagawana. Ijumaa asubuhi, kabla watu hawajamaliza kutoa pole, akaja Bwana Jamaldin na karani wake na daftari. Nilidhani amekuja kutoa pole na yeye. Wallahi, nilidhani hivyo. Nilikuwa nimeshaanza kumtafutia kiti.

Alisimama mbele ya kuta za Mejumaa, akamwambia karani, "Andika. Sehemu tatu. Zimerudi."

Kulikuwa na watu kama hamsini pale.

"Zimerudi wapi, bwana?" Mejumaa aliuliza. Alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, uso umejaa masizi.

"Sharti walijua. Nyumba ikiungua ardhi yarudi kwa mwenyewe. Mimi sikuitia moto nyumba yako, bibi. Ni qadari."

Mejumaa akainuka. Sijapata kumsikia akipaza sauti kabla ya siku ile.

"Qadari haina seng'enge! Nilikuja kwako na watu, ukatusimamisha juani. Nilikuomba hapa hapa mbele ya majirani. Nilikaa mlangoni kwako kutoka Alasiri mpaka Magharibi nikiomba Jumapili moja. Jumapili moja, bwana! Hukuombwa pesa. Hukuombwa hata maji ya kunywa. Tazama kule." Akanyoosha mkono kwenye nyumba kumi na moja. "Pale tulipokukosea adabu, watu wamelala kwao. Hapa tulipokutii, watu wameunguliwa. Sasa nambie, ni Mungu aliyeuchora ule mstari, ama ni waya wako?"

Bwana Jamaldin alisema, "Usinipigie kelele njiani."

"Hapa si njiani. Hapa ni nyumbani kwangu."

"Nyumba iko wapi?"

Mejumaa akaupiga ukuta kwa kiganja, mara moja, mlio ukasikika. "Hii. Sharti lako lasema ikiungua ikaisha. Kuta zangu zimesimama. Paa huezekwa kila baada ya miaka michache, na hujapata kuniambia nimejenga upya."

Badawi akasema, "Kweli." Mtu wa pili akasema, "Kweli." Halafu lile neno likazunguka watu wote, si kwa kelele, kwa sauti ya chini tu, na karani akafunga daftari kabla hajaambiwa. Bwana Jamaldin akasema atarudi Jumatatu na askari, na pale apakute patupu.

Basi tulikuwa na siku mbili. Jumamosi Chengo na waume wengine walizunguka mji kutafuta madebe matupu ya mafuta, kwa wauzaji, kwa wapishi wa mahamri, popote. Wakayapasua na kuyanyoosha kwa nyundo mpaka masikio yetu yakaziba. Mejumaa alikuwa ameapa hataezeka makuti tena. Boriti zilitoka nyumba moja baada ya nyingine: huyu ana moja aliyoiweka kwa ajili ya choo, yule ana mbili. Jumapili, baada ya sala ya Alfajiri, tukaanza. Waume juu, wanawake wakakandika nyufa kwa udongo. Mbodze alipika chungu kikubwa cha ugali na mchicha, na Waislamu na Wakristo tulikula tumekaa juu ya mchanga mweusi. Alasiri ya siku hiyo nyumba ilikuwa na paa, limejaa majina ya mafuta na rangi za kila namna, baya mno, na limesimama.

Jumatatu alikuja na askari kijana kutoka bara. Mlango ulikuwa wazi. Ndani Mejumaa alikuwa akikaanga vitumbua.

Askari alitazama paa, akatazama karatasi yake. "Mzee, hapa imeandikwa uwanja mtupu uliovamiwa. Mimi naona mama anapika."

"Wameijenga jana!"

"Na hizi kuta nyeusi nazo wamezijenga jana?" Askari aliikunja karatasi. "Nenda kortini. Mimi sitamtoa mtu kwa neno hili."

Akaenda kortini kweli. Kesi ilikwenda mbele, ikarudi nyuma, kwa miezi minane. Mwishowe hakimu alikuja mwenyewe kuona. Alitembea juu ya ule ukanda tuliokuwa tumeukata, akaona miti iliyoungua inapoishia na kuta zinapoanza, akaenda mpaka kwenye nguzo za seng'enge zilizopinda kwa joto, akasimama pale muda mrefu. Akamuuliza Bwana Jamaldin kwa nini waya ulipitishwa kugusa nyumba. Bwana Jamaldin akasema ni mafundi. Hukumu ilikuwa kwamba nyumba ya Mejumaa ilitengenezwa, haikujengwa upya, kwa hiyo atabaki, na kwamba kitalu kisafishwe kabla ya Kaskazi kurudi.

Ya Mzee Kingi haikuwa hivyo. Kuta zake zilianguka zote siku ile ya moto, na hata tungetaka hatukuwa na cha kuegemezea boriti. Ile ya waliosafiri Malindi nayo ilikuwa imeanguka vivyo hivyo. Sharti lilikuwa sharti. Hakimu alisema anasikitika. Sisi tulimwambia mzee akae kwetu, nyumba yoyote aitakayo. Akasema hawezi kukaa mlangoni kwa mtu mwengine akihesabu viatu. Mwanawe alikuja akamchukua Kisauni. Kabla ya mwaka kwisha tulipata habari kwamba ameaga dunia.

Kitalu tulikisafisha sisi wenyewe, kwa sababu Bwana Jamaldin alileta vibarua wawili kwa siku moja tu akasema ametimiza hukumu. Safari hii tulikuwa na mashine yetu. Mhunzi mmoja wa Mji wa Kale, mtu wa makamo, alikwenda akapima ile ya zizini kwa kamba yenye mafundo, akatutengenezea nyengine. Visu vyake vilikuwa springi za lori, na ilikuwa nzito kuliko ile ya kwanza, lakini uti wa kuti iliukata. Chengo ndiye aliyekuwa fundi wake. Habari zikaenea, akaanza kuitwa mitaa mingine, kila Jumapili mahali pake, na kila mtaa unakokota makuti na matawi yake mpaka mlangoni, ayakate. Kazi ya ng'ombe hakuirudia. Zizini walimwita mwaka uliofuata, akawaambia ana shughuli.

Pale palipokuwa kwa Mzee Kingi, Bwana Jamaldin alijenga stoo ya kupangisha. Nilipita mbele ya stoo ile kila siku kwa miaka ishirini kwenda sokoni.

Bwana Jamaldin mwenyewe alifariki uzeeni, kitandani mwake, na watu wa kwake wakatuma ujumbe Majengo, kama ilivyo dini yetu, kuomba kila mpangaji amsamehe marehemu. Mejumaa alisamehe. Alisema amechoka kuubeba mzigo huo. Yule kijana waliyemtuma alipofika kwangu nilimkaribisha, nikampa maji, nikamsikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia nyumba yangu haikuungua, mimi sina la kusamehe. Mwenye nalo ni Mzee Kingi, na aende Kisauni akaulizie kaburi lake.